Nyumba Iliyowekwa Kwenye Folda

Jumanne asubuhi Skeli aliinama kutafuta kiatu cha kushoto chini ya kitanda, akagonga paji la uso kwenye ukuta. Jana yake ukuta huo haukuwa pale. Akakaa sakafuni, akajipapasa, akaona hakuna damu. Akatoa futi yake ya chuma mfukoni, maana huyu bwana hata msibani huenda na futi, akapima. Chumba kilicholala na upana wa mita tatu na sentimita sitini kilikuwa kimeamka na mita tatu na ishirini.

"Sentimita arobaini," akamwambia mkewe.

"Nilijua," mkewe akasema, huku anachana nywele. "Kabati limenibana tangu alfajiri kama limetumwa. Kanywe chai, inapoa."

Akaenda kunywa chai.

Skeli ni mchora ramani za nyumba. Jina hilo alipewa na mafundi kwa sababu ya ile rula yake ya pembe tatu yenye vipimo, asiyoachana nayo. Ofisi yake iko nyuma ya duka la karatasi: meza moja, kompyuta moja, na feni inayolalamika kuliko inavyopuliza. Nyumbani alikuwa na kompyuta nyingine, kuukuu, pale sebuleni. Ya tatu ilikuwa ya mdogo wake, ambaye wote humwita Kitinda, aishiye mji mkubwa, mwendo wa siku nzima kwa basi.

Na Kitinda kazi hii alifundishwa na nani? Na Skeli huyo huyo. Baba yao alipofariki, Kitinda hata kushika penseli alikuwa hajui. Kaka mtu akamkalisha mezani, akamshika mkono, mstari baada ya mstari, miaka minne. Ukimuuliza Skeli habari za mdogo wake alikuwa anakwambia, "Yule ni mkono wangu wa pili, ila yeye kajaliwa sura."

Zamani Skeli alibeba michoro yake kwenye flashi iliyofungwa kamba shingoni, kama ng'ombe na kengele yake. Siku moja flashi ikafuliwa pamoja na shati. Shati likatoka safi, na flashi ikatoka safi vilevile, haina kitu. Humo ndimo ilimopotelea ngazi ya ghorofa ya mteja mmoja, na mteja yule kila wakikutana alikuwa anamuuliza watu wa juu wapande kwa kuruka au vipi. Basi Kitinda alipokuja likizo akazikalia zile kompyuta nusu siku nzima.

"Kaka, sasa umepona," akasema. "Ukichora ofisini, ukifika nyumbani unakuta umeshachora. Na mimi kule naiona hapo hapo."

"Nani anaibeba?"

"Haibebwi. Inakaa kwenye hifadhi ya mtandaoni, mahali pamoja, na kompyuta zote tatu zinalingana nayo. Ukigusa moja umegusa zote."

"Na umeme ukikatika?"

"Ukirudi zinalingana. Haya, hii folda niandike jina la nani? Inataka mwenyewe mmoja."

"Andika lako. Hayo maneno ya siri mimi nitayasahau kabla sijavuka mlango. Kwani mimi na wewe tu wawili?"

"Hatuko wawili, kaka," Kitinda akasema, akaandika jina lake.

Mchoro wa kwanza kuuweka humo, kwa kujaribu tu, ulikuwa ramani ya nyumba yao wenyewe, ile ya baba. Baba hakuacha maneno mengi. Alisema nyumba ni ya wanawe wote wawili, na mama yao akae humo mpaka siku zake ziishe. Ramani ya karatasi, yenye mhuri, ilikuwa imeingia ukungu. Skeli alikuwa ameinakili kwenye kompyuta, kila ukuta na unene wake, kila kiti na mahali pake. Alipoiona inang'aa kwenye mashine zote, haina hata doa, ile karatasi akaichana akawashia jiko. Ilishika moto vizuri.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa inaifuata folda. Nyumba za wateja zilingoja mafundi na saruji kama ilivyo desturi. Hii haikungoja mtu. Skeli alichora dirisha la jikoni akiwa ofisini, na kabla ya adhuhuri mkewe alikuwa anamenya viazi kwenye mwanga. Akafuta vumbi kizingitini, akampigia simu mumewe amwongezee na rafu ya chumvi. Rafu ilifika hata simu hajaikata. Mama yao, ambaye magoti yalikuwa yameshamchoka, akaomba bomba la kushikilia kutoka kitandani hadi chooni. Akachorewa, kwa kimo cha mkono wake kabisa, na pale linapokata kona Skeli akaliviringisha ili lisimchome.

Tuliishia kwenye chai. Alipomaliza alikwenda ofisini, akaifungua ramani, akaukuta ukuta wa chumba chake umesogezwa. Akaurudisha. Mkewe akapiga simu.

"Ukuta umerudi. Kiatu nimekiona."

Jumatano ukuta ulikuwa umesogea tena, safari hii sentimita sitini, na baraza ya mbele imebaki upana wa mkeka. Skeli akampigia mdogo wake.

"Mtandao huo, kaka," Kitinda akasema. "Kuna siku mashine zinachelewana, hii inasema hivi na ile inasema vile. Usiguse kitu. Zitapatana zenyewe."

"Sawa, mdogo wangu."

Akaacha kugusa. Wiki tatu hakugusa. Stoo ikaondoka, na pembe moja ya sebule, na baraza yote. Jirani yao, fundi bomba, alisimama akatazama, akasema yeye hana neno mradi mabomba yake wasiyaguse. Shangazi yao alitoka kumtembelea Kitinda akaja na habari njema: mtoto amejenga jina, sebule yake imekuwa pana unaweza kufungia harusi, na upande mmoja una rangi ya kijani iliyobabuka babuka, kama ile ya kwa mama.

"Kama ile ya kwa mama," Skeli akasema.

"Ile ile hasa. Hata msumari wa kalenda upo."

Skeli akaenda kwa afisa wa majengo. Afisa alikuwa mtu mwema, akaja mwenyewe na futi yake, akapima vyumba vyote, akalinganisha na kompyuta ya pale sebuleni, akafunga daftari.

"Ramani na nyumba vinalingana," akasema. "Kosa lingekuwepo kama visingelingana."

"Lakini nyumba imepungua, mheshimiwa."

"Na ramani nayo imepungua. Ndiyo maana nakwambia hakuna kosa. Una ramani ya zamani, ya karatasi, yenye mhuri?"

Mkewe ndiye aliyejibu. "Ilipika maharage," akasema.

Mtu aliyemfumbua macho alikuwa muuza karatasi, yule mwenye duka la mbele. Aliingia kuazima feni, akamkuta jamaa ameikodolea macho kompyuta. Akamwambia hizi folda zina kumbukumbu. Zinaandika kila aliyegusa, siku gani na saa ngapi. Akabonyeza mara mbili. Orodha ikatoka. Ukiacha ya Skeli mwenyewe, mabadiliko yalikuwa kumi na tisa, na yote kumi na tisa yalikuwa na jina la Kitinda.

"Labda kuna mwingine anaitwa hivyo," muuza karatasi akasema, kwa huruma.

"Hapana. Huyu ni wangu."

Kumi na nane yalifanywa kutoka mji mkubwa. Moja lilifanywa kwenye kompyuta ya nyumbani, Jumapili, saa tisa alasiri. Skeli akaikumbuka Jumapili hiyo. Kitinda alikuja kumsalimia mama, na saa tisa yeye Skeli alikuwa sokoni anachomwa na jua, anamchagulia mdogo wake kuku. Akaisoma mistari ya chini. Jumapili hiyo chumba cha mama kilizungushiwa alama pande zote nne, na vipimo vyake vikaandikwa pembeni: kitanda, dirisha, bomba la kushikilia.

Walikuwa bado wanasoma pale orodha ilipoongezeka mstari mmoja. Ishirini. Chumba kikakatwa kwenye ramani.

Skeli akazima feni, akafunga ofisi, akaenda nyumbani kwa miguu. Kwenye ukumbi, mahali pa mlango wa mama yake, palikuwa na ukuta. Ukuta mkavu, wenye utando wa buibui wa siku nyingi. Mkewe alikuwa amesimama mbele yake na sahani ya mapapai.

"Mama amekwenda na chumba chake," akasema. "Nilikuwa namletea matunda. Nimemsikia anakohoa huku, halafu nimesikia hakohoi."

Simu ya mama iliita mara nne.

"Nimefika salama," mama akasema. "Usiwe na wasiwasi. Kitanda ni kile kile. Ila dirishani sasa kuna magari."

"Mama, ulijua?"

Kweli kulikuwa na magari, Skeli aliyasikia.

"Aliniomba tangu alipokuja ile siku. Alipima, mimi nikamshikia ncha ya futi. Nikamwambia subiri kaka yako asiwepo, maana yule ana roho nyepesi, ataumia."

"Miaka kumi na moja nimekaa na wewe, mama."

"Ndiyo, na umenitunza, Mungu akulipe. Sasa mwachie na mwenzio. Yeye ni mdogo. Wewe una mke, una kazi, una nyumba."

"Nyumba gani, mama?"

"Hiyo hiyo."

Asubuhi yake Skeli alifika ofisini mapema kuliko feni ilivyozoea. Aliazimia kukirudisha kile chumba kwa mkono wake, na mama akiwa ndani, halafu waongee baadaye. Alipoushika ukuta haukushikika. Kompyuta ikamwandikia maneno machache: huna ruhusa ya kubadilisha, unaweza kutazama tu. Akaenda kwenye ile ya nyumbani. Ikamwandikia yale yale, kwa maana zililingana.

Akampigia mdogo wake.

"Umenifungia, Kitinda."

"Sijakufungia, kaka. Aliyefungiwa haoni kitu. Wewe unatazama. Hilo nimekuachia makusudi, kwa heshima yako."

"Nilikushika mkono, wewe."

"Na mimi sijasahau. Mama anakusalimu. Anasema lile bomba ulilichora vizuri mno, kona yake haichomi."

Skeli akarudisha simu mfukoni, akavuta kiti akae. Kiti hakikuvutika. Akavuta meza, nayo vilevile. Kila kilichokuwa kwenye ramani kilikuwa kimetulia mahali pake kama kimeota mizizi. Sahani na vikombe, ambavyo hakuna anayevichora, viliendelea kusogea. Mkewe akajaribu kuufunga mlango wa mbele. Ulikuwa wazi robo duara, na hapo ukagoma. Akausukuma kwa bega, akausukuma kwa nyonga, akarudi nyuma akautukana. Mlango haukutikisika.

"Acha," Skeli akamwambia. "Kwenye ramani mlango huchorwa wazi. Ndivyo inavyotakiwa, ili fundi ajue unafungukia upande gani."

"Nani aliyetunga ujinga huo?"

"Sijui. Mimi nilifundishwa, na mimi nikamfundisha yeye."

Ndivyo wanavyoishi mpaka leo. Milango yote iko wazi, wa choo pia, nao wametundika shuka. Wapita njia huchungulia na kusalimu, wao huitikia. Muuza karatasi akipita jioni husimama kidogo, hutazama ni wapi pamepungua, huenda zake. Afisa wa majengo alirudi mara moja, akapima, akakuta vinalingana.

Juzi walikuwa wanakula wamesimama, kwa kuwa viti viko mbali na chakula. Mkewe akatazama sebule, upande huu na upande ule.

"Na hii Kitinda akiitaka?"

Skeli akameza kwanza.

"Tutaiona ikienda," akasema. "Kutazama tunaruhusiwa."