Shangazi Hajapokelewa Zamu

Saa moja kasoro robo asubuhi, Jumatatu, Shangazi aliingia wodi ya watoto kama kawaida yake. Alitundika pochi kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha dawa, akanawa mikono hadi viwikoni, akauliza kama maji ya moto yapo. Hayakuwepo. Alikuwa amezikwa Ijumaa.

Muuguzi mkuu wa wodi alikuwa mezani akihesabu vipimajoto. Hospitali nzima ilimwita Mama Zamu, kwa sababu yeye ndiye aliyepanga nani aingie lini na nani apumzike lini, na kwa kazi hiyo alishapata lawama za kutosha ukoo mzima. Aliinua macho, akamwona Shangazi, akarudi kwenye vipimajoto. Alikuwa amefika saba na hakutaka kuanza upya.

"Umekuja," alisema alipomaliza.

"Nimekuja. Sijapokelewa zamu."

Hilo halikuwa na ubishi. Nesi haondoki wodini mpaka amkabidhi mwenzake ripoti, kitanda baada ya kitanda, na mwenzake aandike "nimepokea" na kutia saini. Anayepokea ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye zamu inayofuata, si mwingine. Jumanne iliyotangulia Shangazi alikuwa kazini tangu asubuhi, peke yake, watoto thelathini. Saa nane mchana alitakiwa kupokelewa. Saa kumi na moja jioni aliketi kwenye kiti cha chumba cha dawa, mguu wake wa kushoto umevimba tangu Jumapili, kitabu cha ripoti mapajani, na moyo wake ukasimama. Jina la mpokeaji wa saa nane lilikuwa la Mama Zamu. Mama Zamu alikuwa ofisini kwa Katibu wa hospitali, kwenye kikao cha kuboresha huduma. Kikao kilianza saa saba, kikaisha saa kumi na moja na nusu.

Watoto hawakujali. Mikono ya Shangazi sasa ilikuwa ya baridi, na mtoto mwenye homa haulizi baridi imetoka wapi. Mshipa aliupata kwa sindano ya kwanza, kama zamani, hata kwa wale vichanga ambao mishipa yao ni ya kubahatisha. Akina mama wakaanza kumsubiri. "Huyo marehemu yupo leo?" waliuliza mlangoni, na wakiambiwa yupo, nyuso zao zilikunjuka. Chai hakunywa. Likizo hakuomba. Mfagiaji pekee ndiye aliyelalamika kwamba anaacha udongo sakafuni, naye alilalamikia kila mtu.

Tatizo lilijitokeza siku ya tatu. Shangazi alikuwa akiuguza watoto wa Jumanne ile. Ripoti yake ilikuwa ya Jumanne, na mpaka ipokelewe hakuwa na siku nyingine. Kitanda cha nne Jumanne ile kilikuwa na mtoto wa kuharisha, kwa hiyo kila aliyelala kitanda cha nne alitundikiwa dripu, hata yule aliyekuja na mkono uliovunjika. Kitanda cha kumi na mbili kilikuwa cha pumu. Cha ishirini na moja kilikuwa cha degedege. Huwezi kumkemea maiti, na ukimkemea hakusikii. Basi wodi ikajipanga kumfuata yeye. Karani wa mapokezi alibandika orodha ukutani, na mtoto akiingia aliulizwa ugonjwa kwanza, kisha akapelekwa kwenye kitanda cha ugonjwa huo. Ikawa kama kabati la vyombo, kila kitu na rafu yake. Siku ambayo watoto wa pumu walikuwa wanne, wote wanne walilala kitanda cha kumi na mbili, vichwa huku na miguu kule, na Shangazi aliwahudumia kama mtoto mmoja.

Kitanda cha tisa walikiacha wazi. Jumanne ile, saa kumi kamili jioni, mtoto wa kitanda cha tisa alifariki. Kwa hiyo kila siku saa kumi kamili Shangazi alikwenda pale, akalivuta shuka hadi juu, akalinyoosha kwenye pembe. Wiki ya kwanza walikuwa wamemlaza hapo mtoto mzima kabisa aliyesubiri baba yake aje kumchukua. Shangazi alimfumba macho kwa vidole viwili, akamfunika, na mtoto akaacha kupumua. Mama Zamu alilivuta shuka, akamchapa mgongoni mara tatu, mtoto akarudi na kuomba maji. Tangu hapo hakulazwa mtu pale, ingawa kwingine watoto walilala wawili wawili.

Mama Zamu aliandika barua ofisini kuomba nesi aliye hai. Katibu alijibu kwamba nafasi haiko wazi, kwa kuwa mwenye nafasi anafika kazini, tena anafika mapema. Mwezi wa pili akaja mkaguzi wa watumishi hewa na daftari lake. Alisoma majina kwa sauti. Alipofika kwa Shangazi, Shangazi akajibu "Nipo" bila kuacha kumfunga mtoto bandeji, na mkaguzi akaweka tiki. Aliandika kwamba wodi haina mtumishi hewa hata mmoja, akapongeza.

Siku yoyote ile Mama Zamu angeweza kuketi, kusikiliza ripoti na kutia saini. Lilikuwa jambo la nusu saa. Hakulifanya. Alijiambia kwamba anangoja nesi mpya, kwamba mkono mmoja haulei mwana, kwamba mkono wa maiti ni afadhali kuliko kukosa mkono. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa kisingizio. Aliogopa kitanda cha tisa. Ilipofika saa tisa na nusu kila siku alijikuta na shughuli ghalani, akihesabu mashuka.

Jumatano moja, saa saba mchana, aliingia mama mmoja, fundi cherehani, utepe wa kupimia bado uko shingoni, amembeba binti yake wa miaka sita. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya wino. Nimonia. Ilitakiwa oksijeni, na katika wodi nzima bomba la oksijeni lilikuwa moja, ukutani, kichwani pa kitanda cha tisa.

Mama Zamu alimlaza pale. Koki ya bomba ilikuwa imelegea tangu mwaka juzi. Ukiifungua na kuiacha, hujirudisha kidogo kidogo mpaka inajifunga, kwa hiyo lazima ishikwe. Maombi ya fundi wa kuitengeneza yalikuwa manane kwenye faili.

"Shika hapa," alimwambia yule mama. "Usiachie."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie."

"Mkono ukichoka?"

"Badilisha mkono."

Fundi cherehani akashika. Midomo ya mtoto ilianza kuacha wino. Mama Zamu alitazama saa ya ukutani, akapiga moyo konde. Saa tisa na robo alichukua kitabu cha ripoti na kalamu, akamfuata Shangazi chumba cha dawa, akavuta kigoda.

"Shangazi. Nimekuja kupokea zamu."

Shangazi alikuwa akichemsha mikasi. Alizima jiko, akafuta mikono kwenye aproni, akakaa kwenye kiti kilekile. "Umechelewa, bibi wewe," alisema.

"Najua."

"Haya. Kitanda cha kwanza, homa imeshuka, ale uji, mama yake mkaidi, mwangalie asimpe mitishamba. Cha pili..."

Alisoma bila kutazama kitabu. Kila kitanda alikitaja na dawa yake, saa yake na tabia ya mtoto wake, nani anang'ata, nani anadanganya kwamba amemeza kidonge, nani ana bibi anayempaka mafuta kila mahali hadi sindano zinateleza. Mama Zamu aliandika. Kitanda cha saba. Kitanda cha nane. Kitanda cha kumi. Kalamu ilisita, kisha ikaendelea. Wodini mtoto wa kitanda cha tisa alikohoa, na mama yake akaita, "Sista, nimebadilisha mkono!" Mama Zamu akajibu kwamba ni vizuri.

Walipomaliza cha thelathini, ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi. Shangazi akatazama saa, akaanza kuinuka.

"Umeruka cha tisa," alisema Mama Zamu.

"Sijaruka. Nilikuwa nakungoja uulize."

"Nauliza."

Shangazi akakaa. Sauti yake haikubadilika, ilikuwa ileile ya uji na bandeji.

"Kitanda cha tisa, mtoto wa kiume, miezi kumi, nimonia. Saa nane alikuwa anaendelea vizuri, nimeshika koki. Saa nane na nusu nikaita mtu aje, hakuna mtu. Akina mama walikuwa wametolewa nje wote tangu saa saba, amri ya Katibu, ili wageni wa kikao wakipita wakute wodi nadhifu. Mlango ulifungwa kwa ufunguo kutoka nje. Saa kumi kasoro robo mtoto wa ishirini na moja akapata degedege, akaanguka kutoka kitandani. Nikakuita wewe. Nilikuita kwa jina. Nikaachia koki. Nilipomlaza yule vizuri na kurudi, koki ilikuwa imejifunga. Saa kumi kamili. Nikamfunika."

"Wageni hawakupita," alisema Mama Zamu.

"Hawakupita?"

"Walichelewa kwenye chakula. Wakaondoka moja kwa moja."

Shangazi alifikiri kidogo. "Mama yake nilimwambia nini?" aliuliza. "Alikuwa anagonga mlango. Sikumbuki kama nilimwambia."

"Hukuwahi. Nilimwambia mimi, saa kumi na mbili."

"Ulimwambiaje?"

"Kama ilivyoandikwa kwenye faili. Kwamba hali ilikuwa mbaya tangu mwanzo."

Mama Zamu alilia, na hakujificha. Aliandika yote jinsi yalivyosemwa, koki, ufunguo, wageni, na kwamba aliitwa kwa jina. Chini yake akaandika "nimepokea", tarehe ya Jumanne ile, na saini. Saini ilisomeka.

Shangazi aliikagua saini kama anayekagua sindano. Kisha akavua aproni, akaikunja mara nne, akachukua pochi yake msumarini.

"Mguu umeacha kuuma," alisema, akatoka kwa mlango wa mbele, mlango wa wageni. Mlinzi alimwambia kwaheri.

Saa kumi kamili ilipita. Shuka la kitanda cha tisa lilibaki kifuani pa mtoto. Mama yake alishika koki mpaka giza, akapokewa na mama wa kitanda cha nane, naye wa nane akapokewa na wa kumi, siku mbili mfululizo. Mama Zamu alikimbia peke yake kati ya vitanda thelathini, na sasa alilazimika kukumbuka kila mtoto ana ugonjwa gani. Ijumaa binti wa fundi cherehani aliomba chapati.

Jumamosi asubuhi Katibu alimwita. Kitabu cha ripoti kilikuwa wazi mezani kwake, ukurasa wa kitanda cha tisa. Mama Zamu alikuwa amekipeleka mwenyewe, na nakala ya pili alikuwa amempa yule mama aliyegonga mlango.

"Hii nimeisoma," alisema Katibu. "Tatizo ni kwamba aliyetoa maelezo alikuwa marehemu wakati wa kuyatoa. Mwanasheria anasema maelezo ya marehemu hayawezi kuingia kwenye faili. Yule mama nimeshamweleza, na nakala yake ameirudisha."

"Ameirudisha?"

"Hajui kusoma. Nimemsomea mimi."

Alifunga kitabu, akakitia kwenye droo. Uso wake ulikuwa wa upole, uso wa mtu aliyelala vizuri.

"Pili, umemwachilia mtumishi mzuri bila kuomba kibali. Hilo nitalisamehe, kwa sababu umetuonyesha jambo. Mtoto wa oksijeni amepona, na ulikuwa peke yako. Kumbe nesi mmoja anatosha. Nafasi ya Shangazi nimeifuta. Na koki sitaisumbua tena idara ya ufundi, akina mama wameiweza."

Akamsogezea waraka. Ulisema kwamba kuanzia tarehe hiyo, muuguzi atakayefia kazini asipokelewe ripoti yake na yeyote bila kibali cha maandishi cha ofisi. Kila muuguzi atie saini kwamba amesoma na kukubali. Majina yalikuwa yamepangwa, la Mama Zamu likiwa la kwanza.

"Na mimi nikifa," aliuliza Mama Zamu, "nani ataniombea kibali?"

Katibu alilitafakari swali hilo kwa uaminifu.

"Hapo hatutakuwa na haraka," alisema.

Asingetia saini angesimamishwa kazi siku hiyohiyo, na wodi ingebaki bila mtu. Dawa za saa nne zilikuwa zimeshachelewa kwa dakika ishirini. Mama Zamu alitia saini akiwa amesimama, akauliza kama anaweza kwenda.