Anaamka na Ngumi

Marietha alikuwa mpika chapati wa njia panda ya Mkiwa, mwanamke wa miaka arobaini na nne ambaye hakuwahi kushinda mchezo hata mmoja wa gemu. Banda la gemu lililoshikana na mgahawa wake alilifungua ili vijana wanaosubiri magari wasikae juani. Hakujua kwamba gemu ya mapigano huzaa mapigano ya kweli.

Kila kijana alikuja na maneno yake aliyookota mtandaoni. Mmoja akisema "panishi," yaani kumwadhibu aliyekosea pigo, mwenzake anadhani ametukanwa. Marietha, aliyelazimika kuacha chapati jikoni kila mara akaamulie, akaanza kuyapa mambo majina yanayoeleweka. Anayebonyeza vitufe vyote bila mpango, huyo anasonga ugali. Aliyerusha teke lisimfikie mtu, kapiga hewa. Aliyesukumwa hadi mwisho wa uwanja, katiwa zizini. Anayejikinga tu bila kurudisha, dawa yake ni kumkaba kiuno, maana kinga haizuii kukabwa. Na juu ya yote, zamu: "Ukikinga pigo zito, mwenzio bado hajarudisha mguu. Hapo ni zamu yako." Haukuisha mwaka, Mkiwa nzima ikawa inaongea hivyo.

Mkali wao alikuwa Deo, fundi pancha wa hapo barabarani. Yalipotangazwa mashindano Singida mjini, alimwomba Marietha amsindikize, kwa kuwa kila mchezaji aliruhusiwa kocha mmoja wa kuzungumza naye kati ya mchezo na mchezo. Marietha akafunga mgahawa, wakaondoka asubuhi.

Ukumbini Deo alikuta vijana wa mjini wamevaa jezi za kufanana, wanabishana kuhusu panishi na fremu, vile vipande vya sekunde ambavyo kila pigo huchukua. Akasikia aibu.

"Mama, kaa tu kule na watazamaji," alisema bila kumtazama. "Hawa wanaongea kitaalamu."

Ilimuuma. Lakini alikwenda, akakaa na mkoba wake magotini, akatazama.

Deo alipita mechi zake zote hadi fainali, akakutana na Ezekieli, bingwa wa miaka miwili. Mshindi ni atakayechukua michezo miwili kati ya mitatu. Mchezo wa kwanza ulikuwa wa kusikitisha. Kila Deo alipomwangusha Ezekieli, alimkimbilia ammalize, na kila mara Ezekieli alinyanyuka na ngumi ya kidevu iliyomrusha Deo juu, mpaka Deo akaupoteza mchezo.

"Rudi ukazibe pancha!" mtu alipiga kelele, ukumbi ukacheka.

Deo aligeuka, akamtafuta Marietha kwa macho, akampungia aje.

Mwamuzi akamzuia. "Mama, unakwenda wapi?"

"Mimi ni kocha wake."

"Labda amemletea chai," alisema Ezekieli.

"Jina lake liko kwenye fomu," Deo alijibu kwa sauti. "Soma."

Mwamuzi akasoma, akasogea pembeni. "Dakika moja."

"Nisamehe, mama," Deo alinong'ona.

"Hayo baadaye. Anaamka na ngumi."

Deo alimtazama. "Kila mara?"

"Mara sita, nimehesabu. Ukimwangusha usimkimbilie. Simama karibu, kinga. Ngumi ikigonga kinga yako, yeye anabaki hewani. Hapo ni zamu ya nani?"

"Yangu."

"Haya, nenda."

Mchezo wa pili Ezekieli alianguka, akaamka na ngumi, ikagonga kinga. Deo akamshushia kombo nzima, mapigo mfululizo bila kumpa nafasi. Akaanguka tena, akaamka na ngumi tena. Wale waliocheka wakaanza kusimama kwenye viti. Wakawa sare, mchezo mmoja kwa mmoja.

Mchezo wa tatu Ezekieli alishtuka, akabadilika. Sasa alijikinga zaidi, akirudisha pigo moja moja na kumsukuma Deo taratibu hadi akamtia zizini. Damu ya Deo, ule mstari wa uhai juu ya skrini, ilibaki kidogo kama uzi. Marietha hakuruhusiwa kusema. Deo akachomoa teke moja, Ezekieli akaanguka. Alipoamka akajikunja ndani ya kinga, akiisubiri ngumi ya Deo.

Deo hakupiga. Akamkaba kiuno, akambwaga. Akamkaba tena. Damu ya Ezekieli ikakauka.

Ukumbi ulilipuka. Deo alirusha mikono, akabebwa juujuu na watu asiowafahamu. Ezekieli akainuka, akamwendea Marietha na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Naomba unisamehe kwa lile neno la chai."

"Marahaba, mwanangu. Una mikono mizuri sana."

"Uligunduaje, mama? Mimi mwenyewe sikujua kwamba naamka na ngumi."

Kabla hajajibu, Deo alikuwa ameshika kipaza sauti, jasho likimtiririka. "Mnataka kujua nimejifunzia wapi?" aliuliza. "Kocha wangu yule pale. Anaitwa Marietha, wa Mkiwa. Mpisheni apande!"

Watu wakampisha. Marietha akaweka mkoba begani, akapanda jukwaani huku ukumbi mzima ukimpigia makofi.