Bembea ya Mama Bhanu

Siku Hezekia alipokwenda Singida mjini kumuaga Mama Bhanu, mkewe Winfrida alifagia sebule mara mbili, akaisukuma meza hadi ukutani, akaacha nafasi wazi karibu na swichi ya umeme. Nafasi ya friji.

Hakuwa anaota ndoto za mchana. Mumewe aliendesha lori la mashine ya alizeti ya familia ile ya Kihindi tangu ujanani hadi mvi zikamwota, na sasa Mama Bhanu, aliyekuwa amebaki mjane, alikuwa ameuza nyumba anahamia Dar es Salaam kwa mwanawe. Alipiga simu mwenyewe. "Hezekia, njoo chukua kitu kimoja ndani ya nyumba. Chochote roho yako inapenda. Usione haya." Winfrida aliisikia sauti ile kwa masikio yake, na tangu hapo hakuacha kumkumbusha mumewe kwamba joto la kijijini kwao Ulemo mwezi wa kumi huchachusha maziwa kabla ya adhuhuri.

Jioni gari likasimama uani. Vijana wawili wakateremsha ubao mmoja mpana, mweusi, mrefu karibu sawa na kitanda, kisha gunia zito lililolia kama sufuria zinagombana.

"Friji iko wapi?" Winfrida aliuliza.

"Mama Yeremia, njoo uone kwanza."

"Nimeshaona. Ubao."

"Siyo ubao. Ni bembea."

"Ya watoto? Yeremia ana ndevu!"

"Ya watu wazima," Hezekia alisema, akifuta vumbi usoni. "Kule ilikuwa sebuleni. Miaka yote nikienda asubuhi kuchukua funguo za lori, namkuta marehemu mzee na mkewe wamekaa juu yake wanakunywa chai, wanasukumasukuma kwa vidole vya miguu, wanaongea taratibu. Nikawa najiambia, aisee, na mimi siku moja." Akainamia gunia, kama mtu aliyesema zaidi ya alivyokusudia.

Winfrida akaingia jikoni. Jioni ile ugali ulisongwa kwa nguvu kuliko kawaida.

Kesho yake akaja Obadia, fundi seremala. Aliinua macho darini, akacheka. "Mzee, kenchi hizi ni za kubeba bati. Ukiitundika bembea hapo na wewe juu yake, nyumba yote itakufuata." Basi wakaamua kuifunga barazani. Obadia alisimamisha nguzo za mninga, akalaza boriti juu yake, akaitundika bembea kwa minyororo iliyotoka kwenye lile gunia, akakaza bolti mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Winfrida alipita na ndoo zake, akaenda na kurudi, shingo imekaza kama mtu aliyelala vibaya.

Wa kwanza kuifaidi hakuwa Hezekia. Alikuwa mama yake, Bibi Scholastika, mzee aliyekuwa akiishi nao na ambaye magoti yalikuwa yamemfanya asipende kiti chochote. Kiti cha plastiki kilimchoma, kigoda kilikuwa chini mno, sofa ilimmeza. Akasema, "Hebu nikalisheni hapo." Wakamkalisha. Akasukuma kwa kidole gumba cha mguu, bembea ikaenda kidogo, ikarudi. Akafumba macho. Tangu siku hiyo alibangulia karanga pale, akachambulia mlenda pale, na mara nyingine aliimba kwa Kinyiramba nyimbo ambazo hata mwanawe hakuwahi kuzisikia. Kumshusha ale chakula ilikuwa kazi.

"Mama, wengine tutakaa lini?" Hezekia alilalamika.

"Wewe bado kijana. Una miguu."

Majirani nao walipita wakisingizia kuomba chumvi, wakakaa kidogo, wakasahau chumvi. Ni Winfrida peke yake ambaye hakuwa ameigusa, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyomwia vigumu kuanza. Mtu akishanuna mbele za watu, kuukunjua tena uso wake si jambo jepesi.

Kilichomshinda ni uchafu. Winfrida hakuwa mtu wa kuvumilia kitu kichafu barazani kwake, na ile minyororo ilikuwa imeingia weusi wa miaka. Siku moja Hezekia akiwa shambani na bibi amejilaza ndani, alichukua sabuni na mchanga, akasugua mpaka viganja vikawaka. Wapi! Akachukua simu.

"Shikamoo, mama. Ni mke wa Hezekia."

"Marahaba, Winfrida! Bembea hajambo?" Mama Bhanu aliuliza kama anayemuulizia ndugu.

"Hajambo, ila minyororo imegoma kutakata."

"Unatumia nini? Sabuni? Aaa, hapana! Ukwaju, binti yangu. Loweka ukwaju, chumvi kidogo, paka, acha, halafu sugua na kitambaa. Shaba inapenda uchachu."

Ukwaju haukuwa wa kutafutwa, ulikuwepo ndani ya kopo jikoni. Akaupaka, akangoja, akasugua. Weusi ukaanza kutoka kama ngozi ya nyoka, na chini yake ikachungulia rangi ya asali. Kisha likachungulia jicho.

Winfrida akasogeza uso. Lilikuwa jicho la ndege. Akasugua tena: shingo ndefu, mkia umetandazwa, tausi. Kipande kilichofuata kilikuwa tembo, juu yake ameketi mtu mdogo mnene mwenye kilemba. Alichokuwa akikiona siku zote kuwa vinundu vya chuma kumbe kilikuwa kijiji kizima kimening'inia hewani. Mmoja anapiga ngoma. Kasuku wawili wanatazamana. Na pale karibu kabisa na ubao, mwanamke amebeba mtungi kichwani, mkono mmoja kiunoni, kiuno kimepinda vilevile kinavyopinda cha mtu anayetoka kisimani na maji mazito. Winfrida alimtazama mwanamke yule kwa muda mrefu. Aliyemtengeneza huko India, alifikiri, alikuwa na macho. Alimtazama mtu kama mimi akipita, hakumdharau.

Alipomaliza minyororo akahamia kwenye ubao. Ukingoni kulikuwa na mmea uliochongwa, unatambaa, unajikunja, unatoa ua, unatambaa tena. Akaufuata kwa kidole hadi mwisho, na kidole kilipofika mwisho alijikuta ameshakaa.

Hezekia aliporudi na jembe begani alimkuta hapo, shaba imewaka kote, kanga imelowa ukwaju. Akaegemeza jembe.

"Njoo uone huyu mwenye mtungi," Winfrida alisema. "Mwone kiuno."

"Kama chako."

"Cha zamani."

"Cha leo," alisema Hezekia, akakaa. Bembea ikayumba upande, kisha ikatulia.

Wiki ile Winfrida alichimba udongo mwekundu, akachanganya chokaa kwenye kopo jingine, akauchora ule mmea kwenye ukuta wa baraza, kuzunguka mlango hadi dirishani. Mwanzo ulijikunja vibaya, akafuta. Akaanza upya. Katikati ya maua ya Kihindi akaweka ua la alizeti, kwa sababu ndilo alilolijua vizuri. Wanawake wawili wa jirani wakamwomba aje awachoree na wao.

Mwezi wa kumi na mbili Mama Bhanu alirudi Singida kumalizia mambo yake, akakodi gari hadi Ulemo. Winfrida alihangaika tangu asubuhi: mgeni mkubwa vile, na nyama hali. Hezekia alimtuliza. "Pika ugali wa mtama na mlenda. Atakushukuru."

Mama Bhanu alishuka garini, mdogo, mwembamba, sari ya kahawia imefungwa juu kidogo kukwepa matope. Akamwamkia Bibi Scholastika kwanza. Kisha akasimama mbele ya bembea, na Winfrida akaogopa kwamba atalia.

Hakulia. Alivua ndala, akapanda, akakunja mguu mmoja chini yake, akasukuma kwa ule mwingine. "Mama mkwe wangu alinikalisha hapa siku naingia kwenye nyumba yake," alisema. "Nilikuwa naogopa sana. Dar mwanangu ana fleti, dari ya zege, hakuna pa kutoboa." Akatazama ukuta, akacheka kwa sauti. "Hili nalo ni ua gani? Alizeti! Kwa nini sisi hatukufikiria alizeti?"

Alikula mlenda, akaongeza. Alipotaka kuondoka alitoa begini kitambaa cha kutandika juu ya ubao, kimetariziwa nyuzi nyekundu na za kijani, kimeshonewa vioo vidogo vidogo. Alikishona mama yake, alisema, na sanduku limechoka kukitunza.

Wakakitandika. Jua la jioni likaviangukia vile vioo, nuru ikatawanyika ukutani, juu ya maua, juu ya mlango, juu ya kifua cha Bibi Scholastika aliyekuwa akijaribu kuikamata kwa kiganja, huku akicheka bila meno.

"Sukuma kidogo," bibi aliagiza. "Nuru iende."

Winfrida akasukuma.