Kodi ya Mtu wa Nyumbani

Mkataba wa Liwayway ulikuwa unaisha mwisho wa Februari, na kila alipomuuliza mwenye nyumba wake, Bibi Thoa, habari ya kodi, jibu lilikuwa lile lile: "Tutaongea baada ya Tet, mwanangu." Hanoi nzima ilisema hivyo mwezi ule. Fundi bomba alikuja, akautazama mfereji unaovuja, akatikisa kichwa: baada ya Tet. Shule alikofundisha Kiingereza ilimwahidi kibali kipya: baada ya Tet. Sikukuu hiyo ya mwaka mpya ilikuwa imejilaza njiani kama ng'ombe, na kila mtu alingoja ainuke ndipo apite.

Liwayway ndiye aliyeshindwa kungoja. Alikuwa na binti wa miaka minne, Ningning, aliyemwacha kwao Ufilipino kwa mama wa marehemu mumewe. Vyumba viwili vya ghorofa ya tatu kwa Bibi Thoa alivilipia dong milioni tisa kwa mwezi, na kwa milioni tisa hesabu yake ilikubali: Juni angempandisha mtoto ndege, waishi pamoja. Lakini kodi za mitaa ile ya Ziwa la Magharibi zilikuwa zimeota mbawa. Wajerumani na Wakorea walilipa milioni kumi na tano bila kupepesa macho, maana mishahara yao ilitoka huko kwao. Wa Liwayway ulitoka hapa hapa. Akipandishiwa hadi kumi na tano, Ningning angebaki mwaka mwingine, na kwa mtoto wa miaka minne, mwaka ni robo ya maisha yake yote.

Siku mbili kabla ya sikukuu kichochoro kikaanza kukauka. Watu walipakia pikipiki masanduku, kuku na watoto, wakarudi mikoani kwao. Mama muuza supu akafunga kibanda. Mwalimu mwenzake wa Ayalandi akaenda zake ufukweni kusini. Liwayway alimpigia Ningning simu ya video. Mtoto akamwonyesha viatu vipya, cha kulia, cha kushoto, halafu akaitwa kula, akaiacha simu mezani. Liwayway hakukata. Alikaa akitazama dari ya nyumba ya mama mkwe, feni ikizunguka, sauti zikicheka mbali, hadi chaji ya simu ile ya upande wa pili ikaisha.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya mwaka aliamka mapema, akafikiri: nitaketi humu mpaka lini? Kwao, siku ya sikukuu mtu hangoji mwaliko. Anayewahi ndiye anayeheshimu. Anayechelewa anaonekana amefuata masalio. Basi akachukua mkate wa mchele na nazi aliouoka jana yake, akavaa gauni lake zuri, akashuka ngazi ya nje mpaka kichochoroni. Moyoni alikuwa na lake pia, tusimfiche: mwenye nyumba aliyekula mkate wako hakupandishii kodi kwa ukali ule ule.

Mlango wa Bibi Thoa ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Liwayway akausukuma, akavuka kizingiti.

"Simama!"

Bibi Thoa, fundi cherehani mstaafu wa miaka sitini na tisa, alikuwa mbele ya meza ya mababu na vijiti vya ubani mkononi. Uso ulikuwa umempauka.

Liwayway akaganda, mguu mmoja ndani, mmoja nje, sahani mikononi. "Samahani, Bibi. Nimekuja vibaya? Basi ngoja nirudi baadaye."

"Usirudi! Ukitoka unatoka na mwaka wangu!"

"Kwa hiyo niingie?"

"Umeshaingia, wewe! Huo mguu ni wa nani?"

Hapo ndipo Liwayway akakumbuka. Miaka mitatu Hanoi, na wanafunzi wake walishamsimulia: mtu wa kwanza kuingia nyumbani mwaka mpya ndiye anayeuleta mwaka mzima. Watu humchagua kwa kutazama nyota na tarehe ya kuzaliwa, mwenye afya, mwenye biashara inayokwenda vizuri, mwenye mke na watoto. Hakuna anayemchagua mjane mwenye mkataba unaoisha. Aliyajua yote hayo, na upweke ulikuwa umeyafuta kichwani kama maji yanavyofuta chaki.

"Nimekuharibia mwaka, Bibi," alisema, na sauti ikamkatika.

Bibi Thoa alichomeka ubani, akamvuta kwa kiwiko, akamketisha. "Kaa. Usishike kitu. Usilie. Machozi siku ya leo ni balaa juu ya balaa."

Hawajakaa dakika kumi, Khải akatokea. Huyu alikuwa mpwa wa Bibi Thoa, dalali wa nyumba za watu wa nje, naye ndiye aliyechaguliwa tangu Novemba: nyota safi, gari jipya, watoto wawili wa kiume. Alipiga hodi kwa mbwembwe, shati linang'aa.

"Shangazi! Mwaka uje na mali, afya na..." Akamwona Liwayway. Tabasamu likamfia mdomoni. "Shangazi, nani ameingia kwanza humu?"

Bibi Thoa akamimina chai, polepole, kama anayepima uzi.

"Wewe," alisema.

"Na huyu?"

"Huyu hakuingia. Alishuka tu. Ni mtu wa nyumbani."

Khải akacheka. "Wa nyumbani? Tangu lini? Mtu wa nyumbani analipa kodi?"

"Wewe ulikaa humu miaka sita ukisoma, hukulipa hata mchele. Kwa hiyo wa nyumbani ni wewe, na mwaka wangu umekosa mgeni?"

"Aa, Shangazi, nawe! Mimi nasema tu, wale Wajerumani wangu wako tayari kutoa kumi na tano kuanzia Machi, sasa kama unamwita..."

"Funga mdomo! Bei gani inatajwa siku ya kwanza? Kula."

Wakala. Wali wa kunata uliofungwa majani, kuku wa kuchemsha, kachumbari ya vitunguu. Mkate wa nazi ukakatwa, Khải akala vipande vitatu akisema ni mtamu mno, tena akisema bila kumtazama aliyeupika. Liwayway alitafuna taratibu. Alijua neno lile la nyumbani halikusemwa kwa ajili yake. Lilisemwa kuuokoa mwaka. Hakuwahi kuwa mpweke chumbani kwake juu kama alivyokuwa pale mezani, kati ya watu wawili waliomhitaji awe fulani mpaka chai iishe.

Hata hivyo, usiku na mchana wa siku zilizofuata alilishikilia neno lile. Siku ya nne, maduka yalipoanza kufunguliwa, alishuka. Safari hii alibisha hodi kwanza.

"Bibi, Tet imekwisha."

"Najua ulichofuata. Kaa."

"Siku ile ulisema mimi ni mtu wa nyumbani."

"Nilisema."

"Basi mtu wa nyumbani anapangishwa kwa bei gani?"

Bibi Thoa akamtazama, kisha akacheka kicheko kikavu kilichoishia kwenye kikohozi. "Ualimu huu! Unanifunga kwa kamba yangu mwenyewe." Akajipangusa mdomo. "Sikiliza, mwanangu. Neno la siku ya kwanza silitemi. Likiwa uongo, mwaka wangu wote ni uongo. Lakini paa linavuja, na magoti yangu haya yanamtaka daktari, naye daktari hapokei maneno. Wajerumani watakaa juu."

"Na mimi?"

"Wewe utashuka."

Akamwongoza mpaka ghorofa ya kwanza, akafungua mlango ambao Liwayway hakuwahi kuuona wazi. Chumba kimoja. Dirisha lilitazama kichochoro. Kitanda cha futi nne, meza ya kusomea, kabati la nguo lililojaa. Kilikuwa cha Ngân, bintiye wa pekee, aliyeko Warsaw mwaka wa kumi na moja sasa.

"Milioni nne. Jiko letu moja, choo kimoja. Mtoto si tatizo. Akilia usiku, mimi hata hivyo silali."

Liwayway akasimama katikati ya chumba. Juu alikuwa na mlango wake, ufunguo wake, jiko dogo alilolipaka rangi kwa mkono wake. Huku chini angesikia kikohozi cha mzee kila alfajiri, na angeulizwa alikotoka kila akirudi. Lakini kwa milioni nne, Juni isingehitajika. Aprili ingetosha.

"Na Ngân akirudi?"

"Ngân ana mume, ana nyumba, ana mkopo wa benki." Bibi Thoa aliyasema kama anayesoma maandishi ya chupa ya dawa. "Hunipigia Jumapili."

"Mimi wangu humpigia kila siku," Liwayway alisema. "Huwa anaiacha simu mezani."

Mzee alimgusa tu bega, kidogo, kama anayeondoa uzi kwenye nguo ya mteja.

"Nitashuka, Bibi."

Walianza kulitoa kabati mchana ule ule. Makoti ya baridi, sare ya shule, madaftari yenye jalada la maua, vyote vikaingia kwenye mifuko. Walipofika rafu ya chini, yenye sweta tatu za mtoto zilizofumwa kwa mkono, mikono ya Bibi Thoa ikasimama.

"Hii iache."

"Nitaiacha."

Liwayway akapangusa vumbi kwenye rafu mbili zilizobaki. Aliipima moja kwa mkono, kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole. Nguo za mtoto wa miaka minne zisingeijaza hata nusu. Akatoa simu, akaipiga picha, ikiwa tupu hivyo hivyo, akaituma Ufilipino.