Mkono wa Mkurugenzi

Mpwa wangu alikuwa akicheka kwa mafungu: anacheka, anasimama kutafuta pumzi, kisha anamalizia. Moyo wake ulikuwa na tundu, na hospitali ya kuliziba ilikuwa nchi nyingine. Tulichokosa ni pasipoti yake. Idara iliikalia bila sababu. Jaji akaamuru itolewe mara moja. Wakaikalia na amri pia.

Tukamshtaki mkurugenzi kwa kuidharau mahakama. Wakili wa serikali akafunga kifungo cha koti, akasema, "Mheshimiwa, amri ilipokelewa na katibu muhtasi. Mkurugenzi hakukabidhiwa mkononi." Kesi ikaanguka. Tulikuwa tumeridhika na mhuri wa mapokezi, tukadhani mhuri ni mkono.

Nikahamia kwenye benchi la ofisi yake na amri mfukoni. Koti lake lilining'inia kitini kutwa, mwenyewe "katoka kidogo." Walinzi wakanibatiza Bwana Benchi. Kabla sijamtia machoni, akahamishwa, akaletwa mwingine.

"Mjomba," mtoto aliniuliza, "mkurugenzi ni mkubwa kama nani?"

"Kama mbu. Kelele tele, kumshika ndiyo kazi."

Akacheka. Midomo yake ikageuka rangi ya wino, macho yakamtoka.

"We mtu, utaniulia mwanangu!" dada alifoka, akimpepea kwa khanga. "Mzaha wako kaufanyie huko huko idarani."

Nikaenda kuufanyia huko huko.

Siku ya kumkaribisha mkurugenzi mpya, wafanyakazi walijipanga uani kumpa mkono, mpiga picha wa idara akiwapiga picha mmoja mmoja. Nilivaa suti ya harusi ya shemeji, nikaingia kwenye foleni.

"Wewe kitengo gani?" mkurugenzi aliniuliza, macho kwenye kamera.

"Cha moyo, mzee."

Nikaibana amri kiganjani mwake na kusema kwa sauti ya mnadani, "Hii ni amri ya mahakama. Umekabidhiwa!" Taa ya kamera ikamulika.

"Leo Bwana Benchi kaja na tai!" walinzi walicheka, wakinikokota hadi getini. Kesho yake idara yenyewe ikaibandika picha ile, pamoja na nyingine za makaribisho, kwenye ubao wake wa matangazo. Nami nikaipiga picha.

Pasipoti haikutoka. Tukarudi mahakamani, safari hii dada akiwa amempakata mtoto, maana hakuthubutu tena kumwacha nyumbani. Wakili wa serikali akaanza wimbo wake wa mkononi, mkononi. Wakili wetu akampa jaji ile picha.

"Mkono huu wa nani?" jaji aliuliza.

Mkurugenzi akaiinamia picha. "Wangu, mheshimiwa."

"Basi chagua. Pasipoti ije hapa sasa hivi, au wewe uende gerezani."

Alipiga simu pale pale. Jaji hajainuka kwenda kula, tarishi akaingia na pasipoti ina joto la mashine. Kumbe ilikuwa kazi ya asubuhi moja!

Mkurugenzi akaileta mwenyewe hadi kwenye benchi letu. Dada hakuinyooshea mkono. Sikio lake lilikuwa kifuani pa mwanawe, akihesabu mapigo kimoyomoyo. Nikaipokea mimi.

Mtoto akafumbua macho, akamtazama yule mtu mnene.

"Mjomba... huyu ndiye... mbu?"

Jibu lilinijia, kali na tamu. Nikalimeza, nisimchekeshe.