Blauzi Iliyoanzia Shingoni

Kidole kimoja huvunja chawa, mradi kipate mahali pagumu pa kumbania. Wanaosema hakivunji hawajawahi kukaa peke yao na chawa. Shamimu alilithibitisha hilo Jumatatu alasiri, chumbani kwake Kichangani, alipochukua blauzi ambayo wanawake wanne walikuwa wameimaliza asubuhi ileile, akakata uzi wa begani, akaanza kuifumua.

Haikuwa na kasoro ya mkono. Vitanzi vilikuwa sawasawa, mishono imenyooka. Ila haikumkaa mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameshaishukuru.

Wanawake hao wanne walikuwa Kikundi cha Tushikane, kilichokaa kila siku ya kazi kwenye baraza ya Mama Leonard, Bigwa, pale barabara inapoanza kuupanda mlima. Kazi yao kubwa ilikuwa masweta ya shule kwa watoto wa Mgeta, kule juu ambako mwezi wa saba mtoto huenda shule akitoa moshi mdomoni. Kanuni yao ilikuwa moja: hakuna nguo inayotoka katika mkono wa mtu mmoja. Joyce alifuma mgongo. Bi Maimuna, mkubwa wao kwa umri, alifuma kifua. Shamimu, mdogo wao, mwenye diploma ya maendeleo ya jamii na asiye na ajira, alifuma mikono. Mama Leonard, mwenyekiti, aliunga vipande na kumalizia shingo. Hata kanuni yenyewe haikuwa ya kijinga. Mwaka uliopita Joyce aliuguza mtoto mwezi mzima, na migongo yake ikafumwa na wenzake, na hakuna aliyemwambia umekosa zamu. Shamimu aliiheshimu kanuni hiyo. Jambo hili lielezwe mapema, kwa sababu baadaye watu walisema hakuiheshimu.

Bi Mosi alikuwa mteja wa namna nyingine. Aliteremsha ndizi kutoka Kinole kuja kuuza mjini, kazi aliyoifanya tangu ujana. Miaka kumi na tano iliyopita aliteleza na mkungu kichwani, akaangukia jiwe, mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ukavunjika. Uliungwa kienyeji, ukaungana ulivyopenda wenyewe. Tangu hapo bega la kushoto lilikaa chini ya la kulia kwa vidole vitatu, na kila nguo aliyovaa iliteleza upande huo. Alikuwa na mazoea ya kuivuta kola kwa mkono wa kulia, hata akiwa anahesabu ndizi, hata akiwa anacheka. Juu yake alijitanda kanga mchana kutwa, joto liwe joto, kusudi bega lisionekane.

"Mwanangu Yasmin anamaliza chuo Mzumbe," aliwaambia siku aliyoleta uzi. "Mahafali ni Jumamosi ya wiki ya nne kutoka leo. Nataka kiblauzi chepesi, mikono ifike kiwikoni. Kilemba nitafunga kichwani, lakini kanga begani sitaki. Nataka picha moja, moja tu, niliyosimama na mwanangu bila kujifunika kama mgonjwa."

Uzi ulikuwa wa pamba, mwembamba, rangi ya jani changa la mgomba. Yasmin aliununua Kariakoo na haukuwa umebaki mwingine dukani.

Walifuma kwa wiki tatu, kwa vipande, kama sweta. Jumatatu ya wiki ya mahafali Bi Mosi akaivaa pale barazani.

"Umependeza!" alisema Mama Leonard. "Hebu geuka."

Bi Mosi akageuka. Shingo ikateleza kushoto, pindo la kushoto likashuka chini ya la kulia. Mkono wake wa kulia ukaenda kwenye kola wenyewe.

"Nzuri," akasema. "Mungu awabariki." Kisha akaichukua kanga yake kitini na kujitanda.

"Bi Mosi, mbona unajitanda tena?" Shamimu aliuliza.

"Nguo zote hunikaa hivi, mwanangu. Nguo haina kosa. Kosa ni langu."

Joyce alikohoa. Bi Maimuna akatazama sakafu. Mama Leonard alisema nguo ikishafuliwa mara mbili itajiweka sawa, na wote pale walijua kwamba pamba ikifuliwa haioti bega.

Shamimu akadanganya. Alisema kuna ncha za uzi hazijafichwa vizuri, apewe nguo aende nayo nyumbani, ataileta Ijumaa. Akapewa.

Sasa uzi ulikuwa sakafuni, umejikunjakunja kama tambi, na zilibaki siku tano kufika Jumamosi.

Alichotaka kufanya alikijua kwa kofia. Akiwa kwenye mafunzo kwa vitendo huko Matombo alikaa kwa mama mmoja aliyefuma kofia, na kofia huanzia utosini ikashuka ikizunguka, haina kipande wala mshono. Nguo nayo yaweza kuanzia shingoni ikateremka hivyohivyo: unaongeza vitanzi mahali panne, mbele, nyuma na mabega mawili yanatanuka pamoja kama mwavuli unaofunguliwa, na ukifika kwapani unaiacha mikono pembeni na kuendelea na kiwiliwili. Faida yake ni kwamba mwenyewe anaweza kuivaa ikiwa bado nusu. Kipande cha mgongo hakivaliki. Ukikosea mgongo utajua siku ya kuunga, na siku ya kuunga ndiyo siku ya kusema umependeza, geuka.

Sindano ndefu za Tushikane hazikufaa kuzungusha. Alichonga vijiti viwili vya mwanzi, akavilainisha kwa msasa, akaviunganisha kwa kipande cha ule uzi mnene wa plastiki wa mashine ya kufyekea nyasi. Akafuma mpaka usingizi ulipomshinda, na Jumanne saa nne akaenda sokoni na duara la kijani ndani ya mfuko.

"Shikamoo, Bi Mosi. Naomba nikupime."

"Marahaba. Unipime nini, si ulishanipima?"

Walisimama nyuma ya mikungu ya ndizi. Bi Mosi alikuwa amekwisha kusukwa kwa ajili ya Jumamosi, mtindo wa twende kilioni, misuko yote imepandishwa juu. Duara lilifika kwenye paji la uso likagoma.

"Wewe! Unataka kuninyonga kabla ya mahafali?"

Muuza nyanya wa jirani akacheka mpaka akashika meza. "Bi Mosi, huyo anakuvika pete ya uchumba!"

Shamimu hakucheka. Aliliona kosa lake mara moja, na lilikuwa kosa la mkono wa Tushikane. Miaka miwili alikuwa amefundishwa kukaza shingo ili baridi ya Mgeta isimwingie mtoto kifuani. Mkono ulikuwa umekaza wenyewe, bila kuulizwa, katika joto la Novemba, tena kwa uzi wa pamba usiovutika. Na alikuwa amepima shingo tu. Nguo haipiti shingoni kabla haijapita kichwani.

Bi Mosi alilitoa duara lile, akaligeuzageuza. Uso wake ukabadilika.

"Ile blauzi iko wapi?"

"Ndiyo hii."

"Shamimu. Ulisema unaficha ncha."

"Nimeifumua yote, Bi Mosi. Ile ingekushusha bega Jumamosi. Hii haitakushusha."

"Hii haijapita hata masikioni!" Bi Mosi aliketi juu ya kreti. Mkono wake wa kulia ulivuta kola ya gauni. "Nilikuwa na nguo mbaya ya kuvaa. Sasa sina nguo. Mama Leonard anajua?"

"Hajui."

"Basi na mimi sijakuona. Nenda. Ukirudi hapa na kofia nyingine nitaivaa hiyohiyo mpaka Mzumbe, watu waulize nani amenifumia."

Alianza upya siku hiyohiyo. Vitanzi sabini na sita vikawa mia na nne, na alivianzisha kwa kulegeza, akijizuia mkono kama mtu anayeteremka mlima na ndoo ya maji. Jumatano duara lilipita juu ya misuko likatua mabegani. Alivihamishia vitanzi vyote kwenye kamba ya kitani ili nguo ijiachie, akamwambia Bi Mosi asimame kama anavyosimama siku zote.

"Nijinyooshe?"

"Usijinyooshe. Simama kama unauza ndizi."

Akapima kwa vidole. Bega lililo juu linahitaji kitambaa zaidi cha kulipandia, lililoshuka halikihitaji. Basi akafuma upande wa kulia peke yake: akikaribia kushoto anageuza kazi anarudi, mara sita, kila mara akiishia mbele kidogo ya pale alipoishia mwanzo. Hakuna muundo wa karatasi ambao ungemwambia mara sita. Alijaribu nne, akamvalisha, ikateleza. Akajaribu sita, ikatulia. Bi Mosi alipeleka mkono kwenye kola kwa mazoea, akakuta hakuna cha kuvuta, akaurudisha mkono chini taratibu. Mteja alikuwa anauliza bei ya chane moja ya ndizi, akamjibu.

Alhamisi Shamimu alivuka kwapa. Ijumaa adhuhuri alikuwa kiunoni, na Joyce akaingia bila hodi, kama alivyozoea, kumletea maandazi.

"Shoga, Mama Leonard anauliza ile nguo—" Akasita. Akakitazama kile kilichokuwa mapajani mwa Shamimu, kikizunguka bila mshono. "Mgongo wangu uko wapi?"

"Umo humu."

"Humu wapi?"

"Umechanganyika. Uzi ni uleule."

"Shamimu, mgongo ule niliufuma siku sita, nimembeba mtoto!"

"Najua. Ulikuwa mgongo mzuri. Haukuwa wa Bi Mosi."

Joyce aliyaweka maandazi mezani kwa nguvu, kisha akalichukua moja akaondoka nalo. Kabla Shamimu hajafika pindoni, Bigwa yote ilikuwa na habari.

Jumamosi asubuhi Bi Mosi alimpitia Shamimu kuchukua nguo yake, akaivalia palepale chumbani, akafunga kilemba. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba aliinua mikono mara mbili kuhakikisha ameivaa. Kanga ya kujitanda aliikunja akaiacha juu ya kitanda cha Shamimu, akasema ataifuata Jumapili. Mchana ile picha ikaingia kwenye simu ya Shamimu: Yasmin ndani ya joho, mama yake pembeni amevaa rangi ya jani changa la mgomba. Bega moja lilikuwa chini, kama lilivyo. Shingo ya nguo ilikaa katikati. Mikono yote miwili ya Bi Mosi ilikuwa imemshika mwanawe.

Jumatatu walikaa barazani. Hakuna aliyeshika sindano.

"Nianze mimi," alisema Mama Leonard. "Picha nimeiona. Nguo imemkaa, sitasema uongo. Lakini mimi sikukuita hapa kwa habari ya nguo. Ulichukua kazi ya watu wanne, ukatudanganya unaficha ncha, ukaifumua peke yako chumbani. Kesho Joyce akiona mkono wako haumpendezi, aufumue? Keshokutwa kikundi kiwe nini? Kila mtu na kijiti chake cha mwanzi nyumbani kwake?"

"Ungeniruhusu kama ningeomba?"

"Nisingekuruhusu."

"Ndiyo maana sikuomba."

"Mnaona majibu hayo?" Joyce alidakia. "Diploma inaongea!"

"Sema tu samahani, mwanangu," Bi Maimuna alisema kwa upole, "neno halivunji mfupa. Tuna masweta arobaini ya Mgeta yanatungoja. Sema, tuanze kazi."

Shamimu aliwatazama mmoja mmoja. Aliwapenda, na hilo ndilo lililomfanya aone ugumu. Joyce aliyemwachia maandazi hata akiwa na hasira. Bi Maimuna aliyemfundisha kuokota kitanzi kilichodondoka bila kufumua mstari. Mama Leonard aliyempokea alipotoka chuo na bahasha za maombi ya kazi yasiyojibiwa. Neno lenyewe lilikuwa fupi. Lakini akilisema lingekuwa na maana kwamba Bi Mosi alipaswa kusimama Mzumbe na kanga begani, ili wao wanne wasiguswe.

"Mlifuma vizuri," akasema. "Hakuna kitanzi mlichokosea, na mimi mikono yangu ilikuwa mizuri vilevile. Tuliufumia mwili ambao haukuwepo, kisha tukamwambia mwenye mwili amependeza. Alituambia kosa ni lake, tukanyamaza wote. Hapo ndipo mlipokuwa mnatakiwa kukasirika."

"Kwa hiyo?" Mama Leonard aliuliza.

Shamimu alivuta kapu, akatoa sindano ndefu za kikundi na bunda la uzi wa buluu, akaanza kuhesabu vitanzi vya mkono wa kwanza.

"Masweta arobaini ni mikono themanini. Nitaifuma yote themanini, kwa vipande, kama kanuni inavyosema, na shingo mkaze mnavyotaka, maana huko ni baridi. Mkinitoa kwenye kikundi, nitoeni. Kuomba radhi, Mama Leonard, siombi."