Sururu ya Mama Mkwe

Mama mkwe alikata roho alfajiri, na kabla chai haijachemka habari zilikuwa zimemfikia mwenyekiti wa chama cha mazishi. Jibu lake lilirudi na shemeji kinyozi, aliyetumwa kuchukua majembe akarudi mikono mitupu.

"Anasema stoo imefungwa," kinyozi alimwambia mume wa dada yake mlangoni. "Ataifungua ukienda wewe mwenyewe, umwombe radhi mbele za watu."

Mume huyo mtaani walimwita Kisiki, kwa sababu ukimgonga unaumia wewe. Kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi za magari yaliyobonyea. Kosa lake lilijulikana: kwenye mazishi yaliyopita alimwambia mwenyekiti, watu wakisikia, kwamba kaburi alilosimamia lilikuwa la kuzikia paka. Lilifika magotini, basi. Mwenyekiti alikuwa na haraka ya kwenda harusini. Tangu hapo hawakusalimiana.

"Neno moja tu, shemeji. Utapungukiwa na nini?"

"Nikiomba radhi nimekubali kwamba magoti yanatosha. Na mama yako atalazwa huko huko kwenye magoti."

Kinyozi akamgeukia dada yake. "Ongea na mumeo."

Mke wa Kisiki alikuwa ametoka chumbani alikolazwa mama, mikono ingali na maji. "Jua likizama mama bado yuko ndani," alimwambia mumewe, "utanieleza mimi. Si mwenyekiti. Mimi." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Kisiki.

Majirani walikuwa na vijembe vya kupalilia maua. Makaburini ni changarawe na mawe. Kijembe kama hicho kingejikunja kama kijiko. Na duka pekee la vifaa lilikuwa la mwenyekiti mwenyewe.

Kisiki akaenda nyuma ya nyumba, kwenye pikapu iliyoachwa na mwenye mali mpaka ikaota majani. Akalala chini yake akafungua bapa moja la springi. Akajaza mkaa kwenye ringi ya lori, akawasha, akamtazama shemeji yake.

"Ile mashine yako ya kukaushia nywele iko wapi?"

"Shemeji, ile ni ya wateja."

"Leo mteja ni mama yako."

Kinyozi akaileta, akavuta waya kupitia dirishani, akachuchumaa akiupulizia mkaa upepo, uso ameukunja kama anakausha kichwa cha mtu asiyemlipa. Mkaa ukawa mwekundu, kisha ukaanza kuelekea weupe. Kisiki aliipasha springi humo hadi ikaiva, akaiweka juu ya injini iliyokufa, iliyokuwa fuawe yake, akaipiga nyundo mpaka ikachongoka kama sururu. Katikati akatoboa tundu la mpini kwa tindo, akilipanua taratibu. Kila alipoona kivuli cha ukuta kimefupika, aliongeza mkono.

Haraka ile ndiyo iliyomponza. Ndoo ya maji ilikuwa karibu, oili, inayopoza chuma bila kukipasua, ilikuwa bado tumboni mwa pikapu. Akazamisha sururu majini. Ikalia kama kijiti kikavu kinachovunjika. Alipoitoa, ufa ulikuwa umepita kutoka nchani hadi tunduni.

Kinyozi akazima mashine.

"Bado tunaweza kwenda kwa mwenyekiti," kinyozi alisema.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Hiyo si koleo, ni sururu."

"Basi hata methali yenyewe haijatufikia. Puliza."

Safari hii alimwaga maji, akajaza ndoo oili chafu ya pikapu kabla ya kushika nyundo. Akafungua springi ya pili, akaanza upya, mabega yakiwaka moto. Ilipoingia kwenye oili ilitoa moshi mzito na haikulia. Mlango wa nyuma wa pikapu aliukata, akaukunja mara mbili, akaugonga ukawa bamba nene la beleshi, mpini wake bomba. Kilichobaki ni mpini wa sururu, na ubao wote aliokuwa nao ulikuwa mwepesi.

Mkewe akatokea jikoni na mchi.

"Ni wa mama," Kisiki alisema.

"Najua ni wa nani. Uchonge kichwa kiingie. Usiupunguze sana."

Alasiri walikuwa makaburini. Sururu ilikula changarawe, majirani wakapokezana, na kila aliyetaka kutoka mapema Kisiki alimwambia bado. Mwishowe akabaki shimoni yeye peke yake, haonekani.

Hapo mwenyekiti akafika akisukuma toroli lililojaa majembe ya chama. Huenda aliona watu wamekuja bila yeye.

"Haya, chukueni, yaishe," alisema. "Kisiki, ungesema neno moja tu."

"Nani huyo?" sauti ilitoka chini.

"Mimi, mwenyekiti."

"Sikuoni. Shuka upime. Likikufika magotini, nitakuomba radhi papo hapo."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Mwenyekiti akaangalia shimo, akaangalia viatu vyake.

Mke wa Kisiki akachukua lile beleshi la mlango wa pikapu, akampa. "Umekuja kuzika au kuazimisha? Kama ni kuzika, tukishamlaza mama utafukia kwa hili."

Watu walikuwa wanamtazama. Akalipokea. Mama alipolazwa, mwenyekiti alifukia mpaka shati likamganda mgongoni, na majembe ya chama yakabaki kwenye toroli, safi kama yalivyokuja.

Asubuhi Kisiki alipiga misumari kwenye ukuta wa nje, upande wa barabara, akatundika sururu na beleshi, bila kufuli.

"Wataiba," kinyozi alisema.

Dada yake alikuwa anafagia kizingiti. Akausogeza mpini wa mchi ukae sawa msumarini.

"Waibe, wakachimbe," alisema. "Ila wafike chini."